Baba Mdogo Basili Anavua Kofia

Baba mdogo Basili hakuwahi kulalamika akiwa amevaa kofia. Alikuwa na pama moja la kahawia, limepauka juu na kulegea ukingo. Kabla ya kusema neno baya juu ya yeyote, iwe serikali, paroko, mbuzi wa jirani au mama mdogo Marieta, alilivua kwanza, akalishika kifuani kwa mikono miwili. Mtu asiyemjua angedhani anataka kusali. Sisi tuliomjua tulitafuta mahali pa kukaa, maana halikuwa jambo la dakika moja.

Niliwahi kumwuliza sababu, nikiwa bado chuo cha ualimu.

"Baba yangu alinifundisha kwamba ukizungumza na wakubwa unavua kofia," alisema. "Na mimi nikilalamika huwa nazungumza na wakubwa."

"Lakini hawapo hapa, baba mdogo."

"Hawapo, ndiyo. Siku wakija wataona mvi zilivyoota nikiwangoja."

Pama hilo sasa liko juu ya kabati langu hapa Mbulu mjini. Sijui la kulifanyia. Kulivaa siwezi, na kulitoa siwezi. Jioni nikisahihisha madaftari ya wanafunzi hulitazama, nikamkumbuka mwenyewe, na mara nyingine nikajikuta nacheka peke yangu, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri wangu anayeishi peke yake si zuri kuonwa na majirani.

Nyumbani kwake Masieda kulikuwa na vyama viwili chini ya bati moja. Mama mdogo Marieta alikuwa katibu wa tawi wa chama tawala. Baba mdogo alikuwa upinzani tangu siku upinzani uliporuhusiwa, na nadhani hata kabla. Sebuleni zilining'inia kalenda mbili, kila moja na rangi zake, na katikati yake picha ya Familia Takatifu, kama mwamuzi. Baba mdogo hakuwa mtu wa kutaja majina ya vyama. Alisema tu "chama kilichopo" na "chama kinachotaka kuwepo."

"Mabadiliko, mabadiliko," mama mdogo alikuwa akisema asubuhi huku akikoroga uji. "Koti hilo ulianza kulivaa Tomaso akiwa darasa la pili. Leo Tomaso ana watoto watatu. Anza na koti."

"Koti halijawahi kuniahidi kitu, Mama Tomaso. Lingeniahidi kisima halafu lisilete, ningelibadilisha siku hiyo hiyo."

"Na mimi nilikuahidi nini?"

Hapo baba mdogo alivaa kofia.

Maishani mwake hakushika cheo. Aligombea uenyekiti wa kitongoji mara mbili, akashindwa mara mbili. Mara ya pili alishindwa kwa kura moja, na alidai hadi mwisho kwamba kura hiyo ilikuwa ya mke wake. Mama mdogo hakukanusha. Lakini kulikuwa na kazi moja aliyopewa na watu bila kuiomba. Alikuwa mfunga vikao.

Kwetu Wairaqw mkutano hauishi kwa mwenyekiti kusema umekwisha. Mzee mmoja husimama, akaomba kwa Kiiraqw, mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari watu wote huitikia kwa pamoja. Anaomba mvua, mifugo, uzazi salama, mabaya yashuke na maji yaende mbali. Anapoomba hakuna anayemkatiza wala anayeondoka, na kila aliyepo sharti aitikie, kwa sababu lililoombwa bila kuitikiwa linabaki hewani. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yangu. Alipofariki wazee wakampa mdogo wake, na watu wakangoja waone huyu mlalamikaji ataomba nini.

Aliomba vizuri, tena vizuri mno. Haikuchukua muda akagundua jambo ambalo baba yangu ama hakuligundua ama alilinyamazia. Mtu anayefunga kikao hawezi kukatizwa, na wanaomsikiliza hawana budi kumkubalia.

Nalo jambo la kulalamikia lilikuwepo. Kati ya kitongoji chetu na zahanati kuna kijito, na juu yake tunavukia gogo la mkaratasi. Daraja tuliahidiwa katika chaguzi tatu. Baada ya ahadi ya pili walikuja watu wa vipimo, wakachimbia vigingi vyenye rangi nyekundu, wakaenda zao. Mbuzi wakavipenda sana kwa kujikunia.

Mwaka mmoja baada ya tope kushuka mlimani na kufukia watu Jorodom, ulipofika uchaguzi wa viongozi wa vijiji na vitongoji, chama kilichopo kilifanya mkutano wake katika uwanja wa shule yetu. Mgeni rasmi alitoka mkoani, mtu wa pwani, mpole, aliyevaa viatu visivyofaa kwa udongo wetu. Nilikuwa nimekuja nyumbani Jumamosi hiyo. Wenyeji wake wakanikalisha kiti cha pili kutoka kwake, kwa kuwa mimi ni mwalimu, nimtafsirie sikioni pale mzee atakapofunga.

Kelvin, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa katibu wa chama cha baba mdogo, alikuwa amemwonya mapema.

"Mzee, usiwafungie hao mkutano wao."

"Mkutano ni wao," baba mdogo alimjibu. "Watu ni wangu."

Akasimama. Akavua pama. Mimi nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Mistari ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Jua litoke kwa kiasi, mvua ije kwa wakati. Watu wakaitikia. Ng'ombe wazae, wanawake wajifungue salama. Wakaitikia. Kisha akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Vigingi vilivyochimbiwa kijitoni, kama havitakuwa daraja, viote majani tupate kuni."

Watu wakaitikia kwa nguvu kuliko kwanza.

"Aliyetuahidi mara tatu, naye aahidiwe chakula mara tatu, alale njaa."

Wakaitikia.

"Anayetukumbuka mwaka wa kura tu, mke wake naye amkumbuke mwaka wa kura tu."

Uwanja ulitikisika. Hata mama mdogo Marieta, amejifunga kitenge cha chama, aliitikia kabla hajajua anaitikia nini. Mgeni naye, kwa adabu, akaanza kuitikia pamoja na watu. Halafu akaniinamia.

"Mwalimu, anasemaje mzee?"

"Anaomba mvua, mheshimiwa."

"Mbona wanacheka?"

"Wamefurahi, mheshimiwa. Ilichelewa."

Nilijiambia kwamba namlinda baba mdogo. Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ni nani hasa niliyekuwa namlinda. Mwalimu wa serikali akihamishwa hupelekwa mbali, na mimi nilikuwa nimepaka nyumba rangi mwezi uliopita.

Baba mdogo alipomaliza, mgeni alisimama ameguswa kweli kweli. Akasema amezunguka wilaya nyingi, hajaona mzee anayeiombea nchi kwa moyo namna ile. Akamwendea. Baba mdogo alikuwa bado ameshika pama kifuani, kichwa wazi. Mgeni akakiona kichwa kile kitupu, akachukua kapelo mpya ya chama mezani, akamvika. Simu zikainuliwa pande zote.

"Mbona hukuivua pale pale?" nilimwuliza baadaye.

"Ningeivua, watu wangedhani naanza tena."

Picha ilienea kwenye makundi ya WhatsApp kabla viti havijakusanywa. Mtu aliandika chini yake, "Mzee arejea nyumbani." Kelvin alikuwa Haydom siku hiyo, akaiona akiwa huko. Wafuasi wa chama chake walikuwa wamesusia mkutano, kwa hiyo hawakusikia neno hata moja. Waliokuwepo wakawaeleza, lakini Kelvin alikuwa na swali moja ambalo hawakuweza kulijibu.

"Kama aliwasema hivyo, mbona mgeni alimshukuru? Nani anasemwa vile halafu anatoa zawadi?"

Mama mdogo yeye alicheka hadi akafuta machozi kwa upande wa kitenge. "Imekukaa vizuri, Baba Tomaso. Umekuwa kijana."

Wiki mbili baadaye kitongoji kilikaa kupanga zamu za kuzibua mfereji. Zamu zikapangwa, watu wakagombana kidogo kama inavyotakiwa, kisha baba mdogo akasimama kufunga. Akavua pama. Akasema mstari wa kwanza, ule wa jua na mvua.

Iliitikia nusu ya watu. Nusu nyingine, upande aliokaa Kelvin, walikunja mikono wakatazama chini.

Akaurudia. Ikaitikia nusu ile ile. Akaurudia mara ya tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu barafu ya asubuhi kwenye beseni kwa kidole. Kisha akavaa pama akaenda nyumbani.

Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Watu hawakujua kama kikao kimekwisha au bado. Wengine waliondoka kwa hatua za wizi. Mzee Tadei, mkubwa kuliko wote pale, alibaki amekaa kwenye jiwe lake hadi mkewe akamfuata, na hata huyo alibishiwa kwanza, kwa sababu kikao hakijafungwa. Wazee wakakubaliana kwamba ikiwa katika kikao kijacho watu watanyamaza tena, itabidi atafutwe mtu mwingine wa kufunga.

Jumatano ya wiki ya tatu mama mdogo alinipigia simu.

"Mwalimu, njoo. Baba yako mdogo halalamiki."

"Si umekuwa ukiomba hivyo miaka yote, mama mdogo?"

"Jana uji uliungua. Akaunywa wote. Akasema asante. Naogopa."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe, pama kichwani hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Barabara ni nzuri?"

Swali hilo liliniumiza. Maishani mwake hakuwahi kudhani kwamba barabara ni nzuri.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza. Nilisema kwamba mgeni aliniuliza anasemaje, nikamwambia anaomba mvua.

"Najua," alisema, akiendelea kuchonga.

"Unajua?"

"Mtu aliyeambiwa yale hawezi kunivika kofia. Angenivika kitu kingine."

"Mbona hukuwaambia akina Kelvin?"

"Niwaambie nini? Kwamba binti wa kaka yangu, ambaye tuliuza fahali ili apelekwe chuo, Kiswahili chake kinafika kwenye mvua tu?" Akapuliza vumbi la mti. "Mdomo ni wako. Mimi wangu umeshakataliwa."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, anasikiliza bila kujificha.

"Mimi ni katibu wa tawi," aliniambia aliponisindikiza. "Akinyamaza mbele za watu, kwa kazi yangu ni faida. Lakini sikuolewa na gogo. Nenda kaseme, mwanangu. Na mimi sitakuwa nimesikia."

Kikao kilichofuata mtendaji wa kijiji alihudhuria, daftari mapajani. Nilimwona akifungua ukurasa mpya niliposimama. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka kumi na minane, lakini mwanafunzi hakujui ulikotambaa ukiwa mtoto.

"Siku ya mkutano wa shuleni," nilisema, "mgeni aliniuliza baba mdogo anasemaje. Nikamwambia anaomba mvua."

Kelvin akainua kichwa polepole.

"Mvua tu, mwalimu?"

"Mvua tu."

"Na pale pa kulala njaa?"

"Mvua."

"Na vigingi?"

"Mvua kubwa."

Upande wa wanawake mtu alianza kucheka puani.

"Na pale pa mke wake?" Kelvin alikuwa ameshaanza kung'ata midomo.

"Hapo alishangaa kwa nini mnacheka. Nikamwambia mmefurahi, mvua ilichelewa."

"Ndiyo maana mwaka huu imezidi!" alisema mzee Tadei kutoka kwenye jiwe lake. "Mazao yangu yameozeshwa na mwalimu!"

Walicheka sana, na sikuwalaumu. Mtendaji naye alicheka, ingawa aliandika. Cheko lilipokuwa linapungua niliona watu wameacha kunitazama. Baba mdogo alikuwa amesimama.

Akavua pama.

Mstari wa kwanza, jua na mvua. Alipofika kwenye mvua alisita kidogo akanitazama, mshenzi yule. Watu wakaitikia wote, upande huu na upande ule, sauti moja nzito iliyomfanya mbwa wa Tadei ainuke. Nilimwona baba mdogo akifumba macho. Kisha akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Wanaotaka mabadiliko, yaanzie kwenye zamu ya mfereji, ambayo hawakuja."

Akina Marieta waliitikia kwa raha isiyo na kifani. Akina Kelvin waliitikia pia, kwa sababu ndiyo sheria.

"Wanaosema hakuna cha kubadilisha, wavuke gogo lile kwenye utelezi, wakiwa na mimba ya miezi minane."

Sasa ikawa zamu ya akina Kelvin kufurahi. Sauti ya mama mdogo ilishuka, lakini niliisikia.

"Na waliosomeshwa, ulimi wao urefuke kama vyeti vyao."

Hapo sikuwa na la kufanya. Nikaitikia.

Sikuhamishwa. Nilichopata ni jina, Mkalimani wa Mvua, na sijui lilifikaje shuleni kwangu Mbulu, lakini wanafunzi walilipokea vizuri. Kura zilipigwa. Waliofurahi walifurahi, waliodai wameonewa walidai, na vigingi vikaendelea kukuna mbuzi. Kapelo ile baba mdogo aliivika mti katikati ya mtama, ifukuze ndege.

"Wanaokimbia ni ndege wa upinzani tu," mama mdogo alitangaza. "Wetu wanakula kama kawaida."

"Hapo umesema tatizo lote," alisema baba mdogo, na kwa mara ya kwanza niliwaona wamekubaliana kisiasa.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kifua kilimbana. Pikipiki haiwezi kupita kwenye gogo, kwa hiyo walimbeba kwenye kitanda cha kamba watu wanne, Tomaso na Kelvin mbele, vijana wawili wa tawi la mama mdogo nyuma. Walibishana njia nzima nani anavuta na nani anazembea, na kila upande uliona wa pili ndio unaomtingisha mzee. Mama mdogo alifuata na pama mkononi. Katikati ya gogo baba mdogo akataka asimamishwe.

"Mama Tomaso, nivike pama."

"Hapa? Baba Tomaso, subiri uvuke."

"Nivike."

Akamvika. Akalivua mwenyewe, akalilaza kifuani.

"Mzee, tafadhali," Kelvin alisema, maji yanapita chini yake. "Tuvuke kwanza."

"Nikivuka nitasema nini? Palipo na shida ni hapa."

Wakamsikiliza pale pale, wanne chini ya kitanda, mmoja nyuma, hakuna anayeweza kukaa wala kuondoka. Kelvin aliniambia kwamba ulikuwa mkutano wa siasa pekee aliowahi kuhudhuria ambao kila aliyekuwepo alitaka daraja kwa dhati.

Hospitalini alilazwa kitanda cha dirishani. Muuguzi wa zamu ya mchana aliitwa Kissa, binti wa Mbeya, mwenye mikono mepesi, aliyemsalimia "Shikamoo babu" kila alipopita, hata mara sita kwa saa. Baba mdogo alimpenda. Lakini Kiswahili kilikuwa kinamchosha sasa, na siku ya tatu alikuwa anasema Kiiraqw tu.

Mchana huo nilikuwa nimekaa pembeni yake. Akaonyesha pama kwa kidole. Nikamvika. Akapumzika kidogo, kisha akalivua, akalishika kwa mikono miwili. Nikasogeza kiti.

Alianza na uji kuwa mwepesi. Akaja kwenye dirisha lisilofunga, akapita kwenye gogo na vigingi na mgeni mwenye viatu vile. Akakilalamikia chama kilichopo, halafu, kwa kirefu zaidi, chama chake mwenyewe, kilichomtumia pole kwa ujumbe wa simu wenye jina la mtu mwingine. Akamlalamikia mama mdogo kwa kumlilia mapema. Akamlalamikia baba yangu kwa kumwachia kazi ya kufunga vikao bila kumwambia kwamba inachosha. Akasema ametamani miaka yote watu wakubaliane jambo moja, na amepata gogo tu.

Kissa alisimama na kipimajoto mkononi, anatabasamu kwa kusikia sauti aliyodhani ni ya sala.

"Mwalimu, babu anasemaje?"

Nikafungua mdomo. Baba mdogo akanishika mkono wa gauni na kunivuta chini, akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wote wawili:

"Mwambie yote, mwanangu. Leo usimwambie mvua."